Mikono Iliyotoka Jikoni

Zamani, kijana wa Kihaya alipotaka kuoa, ukoo wake ulimtuma mtu mwenye miguu myepesi na ulimi mzito. Mtu huyo alikwenda kukaa kwa jirani wa binti, akatafuna amwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, akaisifu migomba, akauliza habari za ng'ombe. Jua lilipogeuka alikuwa ameshajua kama katika ukoo ule kuna ukoma, au kifafa, au bibi mwenye mkono mchafu wa uchawi. Hakumwaibisha mtu. Akipata jibu baya, ukoo wa kijana ulinyamaza tu, na binti hakujua kamwe kwamba aliwahi kuulizwa. Hiyo ilikuwa adabu, na ilitosha kwa watu wengi kwa miaka mingi.

Haya ya kumpima mtu mbele ya macho ya watu kama gunia la kahawa yalianza lini, kila mmoja ana lake la kusema. Hamugembe, mtaa wa Bukoba, yalianza na kipande cha metali kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chembamba kama wembe, na mwenye kipande hicho aliitwa Josia.

Josia hakuwa mganga. Alikuwa fundi redio, Mlutheri wa kukaa kiti cha nyuma kanisani, mtu mrefu aliyeinama kidogo kwa ajili ya kuinamia meza. Ufundi alifundishwa na Mzee Umedbhai, Mhindi wa Bukoba mjini aliyeuza redio, saa, nyuzi za cherehani na taa za karabai katika duka moja lenye giza. Umedbhai hakuwa na maneno mengi. Alimpa Josia redio mbovu, akamwambia aifungue, aangalie, aifunge tena, na asiguse kitu mpaka ajue kila kitu kinafanya kazi gani. Josia alikuwa ameacha shule mapema, lakini katika duka lile alisoma kila karatasi iliyofungia bidhaa, na hatimaye alisoma hata vitabu vya Vasant, mtoto wa Umedbhai, kijana akiwa amelala mchana.

Vita ilipokuja, ndege za Amin zikaupiga mji, Umedbhai na mkewe Jashoda wakapanda gari kwenda Mwanza na hawakurudi. Josia alizifunga redio za wateja kwa majani makavu ya mgomba, akazifukia kwenye kibanja chake, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kisha yeye na mdogo wake Anatory wakashika barabara ya Muleba pamoja na umati wa watu, mbuzi na magodoro. Waliporudi, duka lilikuwa halina mlango. Josia akafukua redio. Nusu yake zilikuwa kutu tupu. Zilizobaki akazipanga kwenye meza barazani kwake Hamugembe, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake.

Watu walidhani vita ndiyo ilikuwa balaa. Walikuwa hawajaona balaa. Anatory alianza biashara ya kuvuka mpaka, vitambaa vikija huku na kahawa ikienda kule, na miaka michache baadaye akarudi nyumbani amekonda hadi shati likawa linamning'inia kama kwenye msumari. Ugonjwa huo watu waliupa jina la Juliana, kwa jina la vitambaa hivyo hivyo vya magendo. Anatory akafa, mkewe akamfuata. Josia, aliyekuwa amemzika mke wake kabla ya vita na hakuoa tena, akamchukua binti yao Kokuberwa, akamlea kama wake.

Ilikuwa miaka ya aibu. Zamani palipokuwa na maiti hakuna jembe lililogusa ardhi, na majirani walilala matanga mpaka machozi ya wafiwa yakauke yenyewe. Sasa watu walizika asubuhi, wakazika tena mchana, na jioni walikuwa shambani, kwa sababu wangekaa matanga kama zamani wangekufa njaa. Mabenchi yakawa matupu. Barazani kwa Josia, ambako watu walikuwa wakija kusikiliza taarifa ya habari, hakuja mtu. Wengine walikuwa kaburini, na waliobaki waliogopa kukaa karibu.

Katika hali hiyo ndipo Vasant alipokuja. Alikuwa sasa mtu mzima mwenye miwani, amesoma Uingereza na kufundisha huko huko, na alitaka kuuona mlango wa baba yake kabla hajasahau ulivyokuwa. Mlango haukuwepo, lakini Josia alikuwepo. Vasant alikaa barazani kwake akala ndizi na maharage kwa mkono, akaongea Kiswahili chake kilekile na vijineno vya Kihaya alivyovijua toka utoto. Josia akamuuliza anafanya kazi gani huko.

Vasant akaomba panga. Alikwenda nyuma ya nyumba akakata shina la mgomba uliokwisha kuzaa, akamwonyesha Josia pale lilipokatwa, ganda ndani ya ganda mpaka katikati. Kazi yangu ndiyo hii, akasema, ila maganda yangu ni ya metali, na ni membamba hata ukiyabandika elfu moja huwezi kuyaona kwa ubavu. Akaeleza kwamba kuna metali adimu, za ukoo mmoja, zenye majina magumu, na kila moja ina tabia yake mbele ya sumaku. Moja huitwa samariamu. Ikichanganywa na kobalti hutoa sumaku isiyoachia. Nyingine ni gadoliniamu. Hiyo ni sumaku wakati wa baridi tu. Ikipata joto dogo, joto la asubuhi tu, inasahau. Wao huko huzipanga tabaka, gadoliniamu, chuma, gadoliniamu, chuma, kisha hupima jinsi tabaka moja linavyolivuta la pili. Wakati mwingine yanaangalia upande mmoja, wakati mwingine yanapeana mgongo. Na tabaka la gadoliniamu ambalo peke yake lingekuwa limeshasahau, likiwa limebanwa na jirani wa chuma linaendelea kukumbuka hata kwenye joto.

Josia akaligusa ganda la nje la mgomba. "Na jirani akiondolewa?"

"Linasahau, Ta Josia," Vasant akasema, akimwita Ta kwa heshima ya Kihaya. "Hapo hapo."

Kabla ya kuondoka akampa kipande kidogo cha gadoliniamu, kimetiwa kwenye kichupa cha mafuta kisishambuliwe na unyevu. Akacheka akasema kwamba kule kwao wanahitaji jokofu na mitambo ili kuona metali hii inavyobadilika, lakini Bukoba ziwa linafanya kazi hiyo bure: alfajiri baridi, saa nne joto.

Josia akachukua sumaku ya spika iliyochoka, akaifunga kwenye boriti ya baraza, chini yake akaweka kibao chembamba ili nguvu ipungue. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, alikigusisha kile kipande kwenye kibao, nacho kikashika kama kupe. Jua lilipopanda na bati likaanza kulia kwa joto, kikaachia chenyewe, kikaanguka kwenye sahani ya bati aliyoiweka chini. Ting. Hakuna aliyekigusa.

Ajabu ni chambo. Mchuuzi wa dagaa alikiona, akamwambia mwenzake, na kabla wiki haijaisha benchi lilikuwa limejaa tena. Watu walikuja alfajiri wakiwa wamejifunga mablanketi, wakakaa, wakasubiri kianguke. Wakaanza kuongea. Wakaulizana habari za waliobaki. Josia aliwapikia chai, na kwa mara ya kwanza tangu kumzika mdogo wake alisikia watu wakicheka nyumbani kwake. Hilo ndilo lililomponza, na si tamaa ya kitu kingine. Ukitaka kumwelewa mtu huyu, shika hilo.

Siku moja Datius, huyo mchuuzi wa dagaa, mtu wa mizaha, alikinyakua kile kipande, akakifumbata ndani ya kiganja. "Kikinikataa," akasema, "basi na mimi nimeshavaa Juliana." Akakipachika kwenye kibao. Kikaanguka. Watu wakacheka hadi wakakohoa, na mmoja akamwambia aanze kuchagua mgomba wa kuzikiwa chini yake. Josia naye alicheka, akaeleza kwamba ni joto la mkono tu. Lakini Datius alikuwa na homa siku ile, nayo haikuondoka. Msimu wa senene ulipofika walimzika, na waliobeba jeneza walisema halikuwa na uzito.

Tangu hapo hakuna aliyecheka tena. Walianza kuja na watu wao. Mume alikuja na mke, mama na mwanawe, ndugu na ndugu. Mtu alikifumbata kidogo, akakipachika, kikashika au kikaanguka. Josia aliwaambia kila asubuhi kwamba ni joto, kwamba kipande hakijui damu ya mtu wala dhambi yake. Waliitikia, ndiyo Ta Josia, tumesikia, na kesho yake wakaja wengine. Hospitali kulikuwa na kipimo cha damu, lakini majibu yalichukua muda mrefu, na mtu aliogopa kuonekana kwenye foleni ile. Kile kipande kilijibu papo hapo, na jibu la papo hapo hupendwa hata likiwa la uongo.

Josia angeweza kukitupa ziwani. Alijua hivyo. Kila jioni alisema moyoni kwamba kesho hatafungua, na kila alfajiri alisikia miguu ya watu kwenye majani na sauti zao za chini chini, akafungua.

Alichochelewa kukiona ni hiki. Wanaume walikuja na mikono iliyoshika baiskeli kwenye upepo wa ziwa, au makasia, au jembe lenye umande. Mikono baridi. Kipande kilishika. Wanawake walitoka jikoni. Walikuwa wamewasha moto, wamechemsha uji, wamemfunga mtoto mgongoni na kumshikilia matako kwa mkono wa nyuma. Mikono yenye joto. Kipande kilianguka. Asubuhi baada ya asubuhi, kwenye baraza la mtu aliyejua yote haya kwa maandishi na kwa macho, kipande kile kiliwahukumu waliotoka jikoni.

Ndivyo alivyoletwa Jovitha. Mumewe alitangulia, yeye akafuata, mtoto mgongoni. Alitoa mkono kutoka chini ya nguo ya mtoto, akafumbata, akapachika, ting.  Mumewe aliinuka akaondoka, na Jovitha akasimama pale kiganja kikiwa bado wazi, akimtazama Josia kama mtu anayesubiri kurudishiwa chenji. Josia akamwambia ni joto la mtoto. Akarudia. Jovitha akasema, "Mwambie yeye." Lakini yeye alikuwa ameshafika barabarani.

Alirudishwa kwao, vijiji vya kando ya ziwa upande wa Muleba. Mwezi haukuisha, wavuvi waliukuta mwili wake kwenye mafunjo. Mtoto alibaki kwa bibi yake, akanenepa, akatambaa, akatembea, hakuugua hata kikohozi. Habari hiyo ya mtoto ndiyo iliyommaliza Josia kuliko ile ya mafunjo.

Akafungua sumaku kutoka kwenye boriti, akakirudisha kipande kwenye kichupa cha mafuta, akaviweka juu ya dari. Benchi likawa tupu tena. Lakini kila alfajiri, alipovuta komeo la mlango, kabla macho hayajazoea ukungu, aliona kiganja. Hakuona uso wala nguo. Kiganja kilichofunguliwa, usawa wa kifua chake, kikisubiri. Kisha ukungu ulisogea na pakawa na nguzo ya baraza tu. Alibadilisha akawa anatokea mlango wa nyuma. Kiganja kikawa mlango wa nyuma.

Katika hali hiyo Kokuberwa alipata mchumba. Alikuwa binti mwenye akili ya baba yake na ukimya wa baba yake mkubwa, mwimbaji wa kwaya, na tayari wachumba wawili walikuwa wameshafika na kutoweka mara waliposikia wazazi wake walikufa kwa ugonjwa gani. Huyu wa tatu aliitwa Ndyamukama, mwana wa mkulima wa kahawa wa Nshamba, walikutana kwenye kongamano la kwaya mjini. Yeye hakutoweka. Alimpenda, naye Kokuberwa alimpenda, akaanza kushona mashuka yenye maua bila kumwambia mtu. Alijua, na Josia alijua, kwamba huyu akirudi mikono mitupu hapatakuwa na wa nne.

Aliyekuwa na kauli katika ukoo ule alikuwa shangazi wa kijana, Ma Joviana, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kutoa amri hata akiomba maji ya kunywa. Alimtuma mshenga na ujumbe kwamba mahari haina tatizo, binti hana tatizo, ila ashike kile chuma cha Ta Josia mbele yao. Kikimkubali, watakata shauri siku hiyo hiyo.

Josia akajibu kwamba chuma kimeharibika. Mshenga akarudi kusema kwamba Ma Joviana amecheka, na amesema fundi anayeharibikiwa na chuma siku ya mtoto wake ni fundi mwenye sababu. Basi wakapanga asubuhi ya kuja.

Jioni iliyotangulia, Josia alimkuta Kokuberwa nyuma ya nyumba akijaza beseni maji ya chemchemi. Aliliweka kwenye kivuli cha ukuta, akalifunika kwa jani la mgomba.

"Yakae nje yapate baridi," akasema, bila kumtazama. "Nitakuwa nawapikia chai wageni, Baba. Wewe wacheleweshe kidogo tu. Waulize habari za kahawa."

Alikuwa ameelewa yote. Alikuwa amekaa kwenye kona ya baraza lile asubuhi zote zile akimenya ndizi, na kumbe alikuwa akihesabu mikono. Josia akaitikia kwa kichwa. 

Asubuhi ilikuja na ukungu mzito. Josia aliamka mapema akaenda nyuma kuangalia beseni, akitaka kujua kama maji yamepoa vya kutosha. Akaondoa jani. Maji yalikuwa yametulia kama kioo, na juu ya maji palikuwa na kiganja. Alijua ni chake mwenyewe, kwa maana alikuwa amenyoosha mkono kuyagusa. Alijua hivyo kabisa. Lakini kiganja kile hakikusogea aliposogeza mkono, au aliona hakikusogea, na alipokuja kushtuka beseni lilikuwa limepinduka na maji yote yakiingia kwenye mizizi ya migomba.

Wageni walikuwa wameshafika mlangoni. Walikuwa wamelala kwa ndugu zao Hamugembe, wametembea kwenye ukungu: Ma Joviana mbele, Ndyamukama na mshenga nyuma. Josia aliwakaribisha, akakileta kichupa, akakifuta mafuta kipande, akafunga sumaku kwenye boriti.  Kisha, badala ya kuuliza habari za kahawa, akawaambia ukweli. Aliwaambia kila kitu: metali inavyosahau, mikono ya jembe na mikono ya jiko, Jovitha na mtoto wake aliyenenepa. Aliongea vizuri kuliko alivyowahi kuongea maishani. Akasema kipande hiki hakina habari ya mtu yeyote, na kama wanataka habari ya binti huyu wafanye kama wazee walivyofanya, wakaulize kwa majirani.

Ma Joviana alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Majirani gani, Ta Josia?" akasema. "Wamebaki wangapi? Mimi nimezika wanangu wawili. Waliooa kwa kuuliza majirani. Majirani walisema ukoo ni safi, na ulikuwa safi kweli. Sasa nimebaki na huyu. Kama chuma chako hakisemi, niambie kinachosema, nikakae miguuni pake."

Josia akataja kipimo cha damu cha hospitali, naye akasema foleni ile humchafua mtu kabla jibu halijafika. Josia akafanya kosa la msomi wa vitabu: akadhani mtu ambaye hajashawishika kwa maneno atashawishika kwa kuonyeshwa. Akampa Ma Joviana kipande. Shika wewe, akasema, utaona kitaanguka, na wewe si mgonjwa.

Ma Joviana alikuwa ametembea kwenye ukungu mikono wazi, ameshika mwavuli wa fimbo ya chuma. Alifumbata, akapachika. Kikashika kama kupe.

 Na wakati huo huo Kokuberwa alitoka jikoni na birika la chai, moshi ukiwa bado kwenye nguo zake. Alikuwa amepita nyuma. Alikuwa ameliona beseni. Aliweka birika chini, akamtazama Josia mara moja, akakibandua kipande kwenye kibao mwenyewe, bila kuambiwa. Alikifumbata kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakipachika.

Ting.

Josia alisimama, akasema aletewe maji, amwoshe binti mikono, wajaribu tena, wataona. Alisema kwa haraka, maneno yakikanyagana. Mshenga akatikisa kichwa taratibu.

"Ta Josia, sasa umeanza ufundi."

Ma Joviana aliinuka. Alimshika Kokuberwa bega, kwa upole, kama mtu anayempa pole mfiwa, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi. Akatoka. Ndyamukama alibaki amesimama. Alifungua mdomo, akatazama sahani ya bati, akatazama mgongo wa shangazi yake uliokuwa ukipotea kwenye ukungu, akamfuata. Chai hakuna aliyeinywa.

Kokuberwa aliokota vikombe.

"Maji yalikuwepo, Baba," akasema.

Hakusema zaidi, siku hiyo wala mwaka huo. Alipika, akafua, akaenda kanisani, akaacha kwaya. Mashuka aliyoyashona aliwapa watu waliofiwa wafunikie maiti. Josia alikitupa kipande ziwani, akiwa amechelewa kama watu wote wanaotupa vitu ziwani, akaendelea na redio zake.

Nshamba walimtafutia Ndyamukama mke mwingine kwa haraka, msichana kutoka mbali, asiyejulikana na mtu, ambaye wazazi wake wote walikuwa hai. Harusi ilikuwa kubwa. Mtoto wa kwanza hakufikisha kutambaa. Kisha Ndyamukama akaanza kukonda, na ikajulikana kwamba alikuwa na Juliana siku nyingi, tangu kabla ya kwaya na kabla ya Kokuberwa. Alikufa wakati wa mavuno ya kahawa. Mkewe alifuata kabla kahawa haijauzwa.

Kokuberwa alikwenda kwenye mazishi yote mawili, kwa basi, akarudi jioni. Aliporudi mara ya pili, Josia alikuwa barazani. Alikuwa mzee sasa, na kwa miaka hiyo yote alikuwa amebeba neno moja kooni. Akalitoa. Akasema pengine Mungu ndiye aliyepindua lile beseni.

Kokuberwa alikuwa akifungua viatu. Akaacha.

"Usiseme hivyo," akasema. "Yule dada aliyeolewa mahali pangu, naye alikuwa na Mungu."

Akaingia ndani kuwasha moto.

Asubuhi iliyofuata Josia alivuta komeo, na kwenye ukungu viganja vilikuwa viwili. Kimoja alikijua ni cha nani. Cha pili hakukijua, na jambo hilo lilimsumbua kuliko alivyotazamia, kama mgeni aliyeingia nyumbani usiweze kumkaribisha kwa jina. Miezi ikapita, kiganja kikiwa bado pale, na hata Kokuberwa hakulijua jina la yule dada; mwishowe Josia akavaa koti lake la kanisani, akaenda kituo cha mabasi, akapanda kwenda Nshamba.

Kule alikuta nyumba imefungwa, nyasi zikiwa zimefika kwenye kizingiti, na kibanja kimekatwa vipande na ndugu. Ma Joviana naye alikuwa amekufa, kwa presha walisema. Alipita dukani, akapita kwa mchungaji, akapita kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akianua kahawa kando ya barabara. Mwanamke huyo alimkumbuka vizuri yule binti. Alisema alikuwa mweupe, mpole, mwenye kicheko cha kujificha nyuma ya mkono, na alipenda sana chumvi kwenye parachichi. Josia akamuuliza jina lake.

Mwanamke alisimama na ungo wake, akafikiri kwa dhati.

"Sisi tulimwita mke wa Ndyamukama tu," akasema. "Aliondoka mapema mno, mzee. Hatukuwahi kumuuliza."

Josia akashukuru. Alisimama barabarani mpaka basi la kurudi likaja, akapanda, akakaa dirishani. Lilipofika Muleba abiria wengi waliteremka, na kondakta akamwambia anaweza kusogea mbele kwenye nafasi. Akasema hapo alipo panamtosha, akajibana dirishani kama anayewapisha watu wawili wakae.